Herufi Kumi na Tatu za Kuziba Nafasi

Ulikuwa mwaka ule lori la saruji lilipogonga mnara wa saa. Hapana, mnara uligongwa mwaka uliofuata. Huu ulikuwa mwaka wa nzige, au tuseme mwaka mmoja baada ya nzige, maana mwandika vibao alikuwa ameshanunua ngazi yake ya bati jepesi, na ngazi hiyo aliinunua baada ya ile ya mbao kuliwa na mchwa. Basi na iwe hivyo, mwaka mmoja baada ya nzige. Wanaokumbuka vinginevyo wana ruhusa, ila wengi wao hawakuwepo, na waliokuwepo hawakuwa wakitazama.

Mwandika vibao huyo watu walimwita Nukta. Jina lilitoka kwa mwenye duka la vyombo, aliyepelekewa kibao chake kikiwa na nukta mwishoni, akauliza hiyo nukta ni ya nini.

"Ni ya kukuonyesha kwamba umemaliza kusema," akajibiwa. "Wewe si mtu wa kujua mwenyewe."

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kinyozi, chumba kirefu chembamba chenye dirisha moja. Brashi zilisimama kwenye makopo ya maziwa kwa ukubwa wake, kubwa ya kujazia, ndogo ya mikunjo, na moja yenye nywele chache sana ambayo hakuna aliyeruhusiwa hata kuipulizia. Akipata ubao alikuwa kwanza anaukwaruza kwa msasa, anaupaka rangi ya chini, anavuta uzi uliopakwa chaki na kuupiga pa, mstari ukakaa. Kisha penseli. Kisha mkono wa kuume juu ya kijiti cha kuegemea, pumzi imebanwa, na herufi inashuka polepole kama mtu anayeshuka ngazi akiwa amevaa viatu vipya.

Na huku akiandika alikuwa akidharau. Alimdharau muuza mkaa aliyetaka kuandikiwa "hapa tunauza mkaa" juu ya rundo la mkaa. Alimdharau mwenye duka la suruali aliyetaka picha ya simba. "Simba ananunua suruali?" alimuuliza. "Saizi gani?" Waliochapisha vibao vya plastiki kwa mashine aliwaita wabandika lebo za jamu. Na mteja akija na karatasi yenye kosa la herufi, Nukta alimrudishia karatasi yake. "Kosa lako kaliandike kwa mkono wako. Huu wangu una kazi."

Watu walicheka, wakanuna, wakarudi. Kwa sababu jambo moja lilijulikana mji mzima: kibao cha Nukta hakina kosa. Mtu akibishana na mwenzake namna ya kuandika neno, walitoka nje wakatafuta neno hilo limeandikwa wapi na Nukta, ugomvi ukaisha.

Nyumbani naye alikuwa yuleyule. Alikuwa na mke, na mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, aliyeletwa pale akiwa na miaka saba na mkoba mmoja. Alimlisha, alimvisha, alimlipia shule bila kunung'unika. Ila mtoto alipouliza kwa nini mwezi unamfuata, aliambiwa mwezi una shughuli nyingine muhimu zaidi. Na alipouliza kama nyangumi ni samaki, aliambiwa akamuulize nyangumi. Lilikuwa jibu la kuchekesha, na mke wa Nukta alicheka. Mtoto naye alicheka, akaendelea kula.

Sasa, mwaka huo mmoja baada ya nzige ndipo alipoingia karakanani bwana mmoja mfupi, kavaa koti wakati wa joto, kalamu tatu mfukoni mwa kifua, moja haina mfuniko na imeshaacha doa. Alijitambulisha kuwa Mkuu wa Chuo. Chuo chenyewe alikuwa hajakifungua. Nje walikuwa wamemshushia ubao mrefu uliotolewa kwenye duka la magodoro, mrefu kupita maneno aliyokuwa nayo.

Mstari wa kwanza ulikaa vizuri, CHUO CHA AFYA NA DAWA, ukaenda mwanzo hadi mwisho. Mstari wa pili ulisema KOZI ZOTE, ukaishia hapo, na mbele yake ikabaki nafasi tupu ya kulaza mtoto.

"Tukate ubao," Nukta akasema.

"Hapana, fundi. Chuo kikubwa, ubao mkubwa. Weka hata ua hapo."

"Ua? Unafundisha dawa au unaoza binti?"

"Basi weka neno. Neno lolote zuri."

Nukta alirudi nyuma hatua nne, akafumba jicho moja. Haikumjia akilini neno linasema nini. Alikuwa anatafuta uzito. Alihitaji herufi kumi na tatu hivi, zenye kusimama mwanzoni na kutanuka mwishoni, na katikati ziwe na nguzo ili mstari usilegee. Akavuta uzi, akapiga chaki, akaandika kwa penseli: KIMETAMBULIWA. Lile K lilisimama kama askari wa getini. Zile M mbili zilikuwa nguzo. Na W yake, ambayo yeye peke yake mjini aliikunja mkono wa mwisho kwa ndani kidogo, ilitulia kabla ya A kama mtu aliyeketi kwenye kochi.

Mkuu aliliangalia neno hilo muda mrefu. "Limekaa vizuri," akasema taratibu.

"Limekaa kwa sababu nimelipima."

Hakuna aliyemuuliza mwenzake kama ni kweli. Nukta aliweka nukta mwishoni, akaosha brashi.

Miaka minne ikapita. Mpwa akamaliza sekondari. Nukta wakati huo alikuwa mji mwingine kwa miezi miwili, akiandika namba kwenye viti vya uwanja wa michezo, viti elfu sita, na kila kimoja alikidharau peke yake. Aliporudi alimkuta binti kavaa koti jeupe, mkewe kamshonea kifungo cha juu kilichokuwa kikining'inia. Mambo yalikuwa yameshapangwa. Mpwa anasoma ufamasia, mwaka wa kwanza, pale Chuo cha Afya.

"Pale juu ya duka la magodoro?" Nukta akasema, akivua viatu. "Pazuri. Mwanafunzi akisinzia hana safari ndefu."

Binti akatabasamu, akashuka na kitabu chake kibarazani.

Na alikuwa anasoma kwelikweli, huyo binti. Alijua dawa hii isinywewe na maziwa na ile isipewe mjamzito. Majirani walimletea chupa za dawa ya kikohozi awasomee kipimo. Alitaka siku moja asimame nyuma ya dirisha la dawa la hospitali kubwa, lile lenye tundu dogo la duara, awe yule anayesema "mara tatu kwa siku baada ya kula" na mtu akaamini. Hakutaka zaidi ya hapo. Mwaka na nusu alienda na kurudi, hakukosa hata siku ya mvua.

Alasiri moja alirudi mapema, akakaa kwenye kigoda bila kuvua koti.

"Mjomba, hospitali imetukatalia mazoezi ya kazi. Darasa zima. Mfamasia wao kasema chuo chetu hakimo kwenye orodha."

"Orodha ya nini?"

"Hakusema. Mkuu anasema ni wivu."

"Mfamasia wa hospitali kubwa," Nukta akasema, "amwonee wivu mtu mwenye doa la wino kifuani." Lakini hakuendelea kutania. Alimwona binti anazungusha kile kifungo cha juu, anakizungusha tu, uzi ukiwa umeanza kukatika.

Asubuhi akaenda. Ngazi za chuo zilinuka sponji mpya kutoka duka la chini. Mlango wa maabara ulikuwa wazi, akachungulia: chupa sita mezani, nne kati yake za soda zilizobanduliwa karatasi, na ukutani mifupa ya binadamu iliyochorwa, mbavu zikiwa hazilingani pande mbili. Mkuu alimkaribisha ofisini, kwenye kiti kinachozunguka ambacho kilizunguka upande mmoja tu.

"Nimekuja kuona kibali," Nukta akasema.

"Kibali kipi, mzee wangu? Tunavyo vingi."

"Kile kinachosema ninyi ni chuo."

Mkuu akanyoosha kidole ukutani bila hata kugeuka. Juu kabisa, juu ya kabati, pasipofika jicho la mtu, palining'inia cheti katika fremu ya rangi ya dhahabu. Wengine wote labda walitosheka na fremu. Nukta alivuta kiti, akapanda na viatu vyake. Kusoma akiwa juu ya kitu ndiyo iliyokuwa kazi yake.

"Cheti cha Usajili wa Jina la Biashara," akasoma kwa sauti. "Shughuli: magodoro, mito na huduma nyinginezo." Akainama kumtazama. "Ninyi mko wapi humu?"

"Sisi," Mkuu akasema bila haya hata chembe, "ni huduma nyinginezo."

"Tena mnakuja baada ya mito."

"Usajili ni usajili, mzee wangu. Tumesajiliwa."

"Hata mbwa wa jirani yangu kasajiliwa kwa bwana mifugo. Anafundisha nini?"

Mkuu hakukasirika. Alikuwa mtu asiyekasirika, na hilo lilimchukiza Nukta kuliko yote. Alikunja mikono tumboni, akasema kwa upole, kama anayemkumbusha mgonjwa. "Kwani kibao huko nje hukukisoma? Kimetambuliwa."

"Kibao kile nimekiandika mimi."

"Ndiyo nakwambia. Wewe ndiye shahidi wetu."

Nukta alishuka kwenye kiti. Akakifuta vumbi la viatu vyake kwa kiganja, akatoka.

Kutoka pale alienda moja kwa moja kwenye mamlaka inayosimamia vyuo, jengo la ghorofa tatu lenye lifti iliyoandikwa "mbovu" kwa kalamu, tena kwa mwandiko wa kuinamia kushoto. Siku nyingine angesema kitu. Alipanga foleni. Dirishani alikaa mama mmoja wa makamo, karani, miwani imefungwa uzi shingoni.

"Nataka kujua kama chuo fulani ni chuo," Nukta akasema.

"Swali zuri. Wengi huja kuuliza wakishamaliza kusoma." Alichukua jina, akabonyeza, akatazama kioo cha kompyuta, akabonyeza tena. "Hakimo."

"Wanasema wamesajiliwa."

"Kusajiliwa ni kuwa na jina, baba. Hata kibanda cha viazi kina jina. Sisi hapa tunatoa ithibati. Maana yake watu wetu wanakwenda, wanahesabu walimu, wanafungua kabati za maabara, wanauliza vitabu viko wapi. Wakiridhika, chuo kinapewa namba. Wewe usiulize wanasema nini. Uliza namba, uje hapa tuitafute. Ni jambo la dakika tatu."

"Hawana namba?"

"Subiri. Jina hili si geni." Akainuka, akarudi na faili jembamba. "Tuliwaandikia miaka miwili iliyopita kuwataka walete uthibitisho. Walijibu. Tazama walichojibu." Akacheka kidogo kwa pua, akageuza karatasi ili mzee aone. Ilikuwa picha. Picha ya kibao, imepigwa kutoka chini, jua likiwaka kwenye rangi. Chini yake wamepiga chapa: *Kama inavyosomeka, chuo kimetambuliwa.*

Nukta aliitazama ile W.

"Kimetambuliwa," karani akasema. "Na nani? Neno limekatwa mkia. Mtu ametambuliwa na fulani, kitu kimetambuliwa na fulani. Hili limesimama peke yake halina mwenyewe, halafu mwishoni akaweka nukta kabisa, ili usiulize zaidi." Akafunga faili. "Mwandishi wake ana mkono mzuri sana. Ila mpumbavu."

"Namfahamu," Nukta akasema.

Alirudi kwa miguu. Alipita chini ya vibao vyake kumi na vinane, akavisoma vyote, tena si herufi. Alivisoma vinasema nini. DAKTARI WA SAA. BEI ISIYO NA MPINZANI. NYAMA SAFI KILA SIKU, kwa yule aliyekuwa anachinja mara mbili kwa wiki. Kila neno limeandikwa sawasawa.

Nyumbani mpwa alikuwa anapiga pasi koti lake jeupe. Nukta alibaki amesimama mlangoni, akamwambia yote: kwamba namba hakuna, kwamba mtihani wa serikali hawataruhusiwa kuukaribia, kwamba mwaka na nusu huo hakuna chuo cha kweli kitakachoupokea.

"Hata kozi moja wasiihesabu?" binti akauliza.

"Hata moja."

Binti akasimamisha pasi kwenye kitako chake. Hakulia. Alilikunja koti, mkono huu, mkono huu, ingawa lilikuwa bado bichi kwenye kola.

Na hapo Nukta, badala ya kunyamaza, akafanya alichozoea. "Lakini mtu mwenye macho anaingiaje pale? Yule bwana na koti lake la jotoni. Mtoto wa chekechea angemjua."

"Yeye sikumwamini hata siku moja, mjomba," binti akasema. "Koti nililiona. Chupa za soda niliziona siku ya kwanza. Nilitaka kugeuka nirudi. Nikasimama nje nikatazama juu, nikaona W yako. Nikajisemea, mtu huyu alimfukuza muuza karanga kwa sababu ya herufi moja. Huyu hawezi kuandika uongo mkubwa kiasi hiki. Basi chupa watanunua. Nikapanda."

Mke wa Nukta, aliyekuwa anachambua mboga, aliacha mikono ndani ya bakuli.

Kesho yake saa nne asubuhi, jua likiwa kali, Nukta aliegemeza ngazi yake ukutani juu ya duka la magodoro. Angeweza kulifuta neno zima, na alifikiri hivyo njiani. Lakini kufuta kungeacha tena nafasi tupu, na nafasi tupu aliijua inavyomfanya mtu. Alifuta KIME tu. Mahali pa herufi nne alitakiwa sasa kuingiza sita, HAKIJA, na hakuna uzi wala chaki ya kufanya sita zitoshe kwenye nne. Akazibana. A ikamkanyaga K, J ikaning'inia chini ya mstari kama mguu nje ya shuka. Ilikuwa kazi mbaya kuliko zote alizopata kufanya, na aliifanya mchana, watu wakitazama.

Muuza magodoro alitoka, akatazama, akarudi ndani. Wanafunzi walikusanyika. Mkuu akashuka, kalamu zake kifuani, akasoma huku midomo ikicheza.

"Hakijatambuliwa," akasema. Akafikiri. "Si mbaya, fundi. Hakija. Bado. Ina matumaini ndani yake. Ungeandika *hakitambuliwi* ningekushtaki."

Nukta, huko juu, akafumba macho. Hata ukweli bwana huyu alijua kuulalia, kama alivyolala juu ya magodoro na mito. Aliinua brashi kuiweka nukta ya mwisho upya, akakuta ile ya zamani ipo bado. Akaipaka rangi ya ubao, ikafutika.

Wanafunzi saba waliondoka siku ile. Wengine walitazama saa, wakapanda juu, kipindi kilikuwa kimeanza. Baadaye mamlaka ilikuja ikafunga mlango kwa mnyororo, na Mkuu akafungua mtaa wa tatu, juu ya duka la matairi, akiwa na kibao cha plastiki kilichochapishwa na wale wa lebo za jamu: KIMETAMBULIWA KIMATAIFA. Huko kimataifa nako hawakusema ni nani.

Mpwa alitafutiwa chuo kingine, mji wa mbali. Safari hii Nukta alikwenda mwenyewe dirishani, akauliza namba, karani akaitafuta, ikawepo. Aliinakili kwenye karatasi tarakimu kwa tarakimu, akaisoma tena kinyumenyume asije akakosea. Karani alimwangalia juu ya miwani. "Leo umekuja kabla," akasema.

Binti alianza upya, mwaka wa kwanza, kati ya watoto waliomwita dada. Asubuhi ya kuondoka alikuwa anafunga sanduku, na mjomba wake kasimama mlangoni palepale, mikono inanuka tapentaini. Alikuwa na jambo moja lililokuwa linamkera tangu ile siku ya pasi. Alimuuliza binti, naye akawa anatafuta kufuli la sanduku, na alipolipata gari lilikuwa limeshapiga honi. Jioni alimuuliza mkewe, mkewe akasema chumvi imekwisha. Akaenda akamuuliza hata kinyozi wa mbele, na kinyozi akapuliza nywele kwenye mashine yake, akamwambia mteja ageuze shingo.

"Miaka yote tumekula meza moja," alikuwa akisema, kwa mwenye kumsikiliza na kwa asiyemsikiliza. "Mwaka na nusu anauona mkono wangu kwenye kibao, na mimi mwenyewe nimelala chumba cha pili. Sasa kwa nini hakuniuliza tu?"